Diski ikifa Kigoma na spea iko Dar: jinsi ninavyopanga RAID huku kwetu

Wakuu, leo naongelea storeji za ofisi, zile boksi zenye diski nane au kumi na mbili ambazo seva zote na mafaili yote ya watu yanakaa humo, maana kuna kitu wengi tunaofanya kazi hizi hapa Kigoma tumekibeba kutoka kwenye kozi bila kukipima na mazingira yetu. Vitabu karibu vyote vinamfikiria mtu ambaye diski ikimfia anapiga simu na kesho yake asubuhi fundi yuko mlangoni na diski mkononi. Huku kwetu diski inatafutwa Dar, inafungwa, inapandishwa basi, na safari ni zaidi ya kilomita elfu moja. Ikifa Ijumaa jioni ndo kabisa, hesabu mpaka katikati ya wiki. Siku zote hizo ofisi inafanya kazi kama kawaida, watu wanafungua mafaili, hakuna anayejua kwamba storeji imebaki bila kinga. Mi nasema hivi, muda wa kusubiri spea uhesabu kama sehemu ya RAID yenyewe (ule mpangilio wa kuunganisha diski nyingi zifanye kazi kama moja, ili moja ikifa data ibaki), na ukiuhesabu hivyo maamuzi mengi yanabadilika.

Chukua RAID 5, ambayo bado ndo naikuta ofisi nyingi kwa sababu inakula diski moja tu kwa ajili ya kinga, na inavumilia kufa kwa moja tu. Wazo lenyewe la zamani, David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliliandika 1988, na diski ndogo walizokuwa wanazifikiria zilikuwa za megabaiti 100. Diski ya hivyo ikifa unaijenga upya, yaani unaandika data yake kwenye diski mpya kutoka kwenye zilizobaki, kwa dakika chache. Sasa leo diski ni ya terabaiti 4, kubwa mara 40,000, lakini kasi ya kusoma na kuandika haijapanda hata karibu na hapo. Piga hesabu, ukiandika megabaiti 100 kwa sekunde bila kusimama, terabaiti 4 zinachukua kama saa 11, na hiyo ni kama hakuna mtu anatumia storeji, ofisi ikiwa kazini inaweza kwenda siku nzima na zaidi. Ongeza siku nne za basi na wikiendi, una karibu siku tano ambazo diski moja tu ikiyumba data yote imeondoka.

Na huo muda wa kujenga upya ndo wenyewe wenye kazi ngumu. RAID 5 ya diski nane za terabaiti 4, moja ikifa, kontrola (kifaa kinachosimamia diski zote za boksi) lazima isome saba zilizobaki kuanzia mwanzo mpaka mwisho, terabaiti 28, hata sehemu ambazo hazina faili lolote (mfumo wa mafaili wa ZFS una nafuu hapo, unasoma palipo na data tu). Watengenezaji wa diski za kawaida wanaandika kwenye karatasi zao kwamba kosa la kusoma halizidi moja kwa kila biti 10^14, yaani kama terabaiti 12.5, na diski za seva nyingi zinaandikwa 10^15. Hicho ni kiwango cha juu wanachokubali, diski nyingi zinafanya vizuri kuliko hapo, kwa hiyo usiogope kwamba lazima ife, ila pia usijenge ofisi nzima juu ya matumaini. Halafu kumbuka diski zote nane zilinunuliwa siku moja, mara nyingi zimetoka kiwandani pamoja, zimekaa kwenye joto lile lile na zimepigwa na umeme ule ule, sasa kwa nini ushangae ya pili ikifuata.

Ndo maana mi huku RAID 5 kwa diski kubwa siiweki. Naweka RAID 6 ambayo inavumilia mbili, na juu yake diski moja ya akiba iliyochomekwa tayari ndani ya boksi, haina data, inasubiri tu. Moja ikifa saa nane usiku kontrola inaanza kujenga yenyewe bila kumsubiri mtu wala basi. Bosi atasema diski tatu zinakaa bure, muonyeshe hesabu ya siku tano hapo juu kisha muulize data ya mishahara ina thamani gani. Wengi wanaelewa haraka ukiwaambia kwa siku kuliko ukiwaambia kwa terabaiti.

Sasa kitu kinachoniuma zaidi, na hapa nataka vijana mnisome taratibu. Storeji nyingi nilizoitwa kuziokoa hazikuuliwa na diski ya kwanza. Ziliuliwa na yaliyofanyika masaa machache baadaye. Kuna ofisi moja dada wa uhasibu alinipigia, "kaka ile boksi inapiga kelele na kuna taa ya njano", nikamwambia dada usiguse kitu, usizime, nipigie picha ya mbele unitumie WhatsApp. Picha inakuja naona nafasi mbili ziko wazi. Kijana wao alishachomoa diski aliyodhani ndo mbovu, alihesabu kutoka kulia na kontrola inahesabu kutoka kushoto, halafu kuanzia sifuri. RAID 5, moja mbovu, moja nzima imechomolewa, storeji imezima kabisa.

Ukikuta hali hiyo ujue data bado ipo kwenye diski, kinachoiua ni hatua inayofuata. Kontrola itakuuliza kama unataka kuanzisha RAID mpya, kataa. Irudishe ile nzima nafasi yake ile ile, kontrola nyingi zitaiona kama ngeni na kukupa njia ya kuingiza mpangilio wake wa zamani, hapo usibonyeze cha kufuta huo mpangilio. Kwa wanaotumia Linux, ukiwa na mdadm (programu ya kusimamia RAID), mdadm --assemble --force ndo ya kujaribu, --create iache kabisa mpaka uwe na kopi ya kila diski. Na fsck (programu ya kukagua na kurekebisha mafaili) usiiguse kabla RAID haijakaa sawa, maana itarekebisha mafaili kwa kufuata picha iliyovurugika. Diski ikiwa inasoma kwa shida, ikopi kwanza kwa ddrescue (programu ya kukopi diski mbovu) kwenda diski nyingine, ufanye majaribio kwenye kopi.

Kabla ya kuchomoa chochote, soma. Kwenye Linux fungua /proc/mdstat utaona kitu kama [8/7] [UUU_UUUU], yaani kati ya nane ziko saba, na alama ya chini inaonyesha pengo. Lakini pengo hilo halikwambii ni mlango gani wa boksi, kwa hiyo chukua namba ya siriali ya kila diski kwa smartctl (programu ya kusoma hali ya diski), zile zinazojibu ziandike, na ambayo haipo kwenye orodha ndo ya kutoa. Boksi nyingi pia zina amri ya kuwasha taa ya diski unayoitaka, tumia hiyo. Mi kila boksi naibandikia karatasi yenye siriali kwa mpangilio wa nafasi, siku ya kuifunga.

Kama ni RAID 5 tayari na spea haijafika, usizime boksi. Diski zilizozunguka miaka bila kupumzika, ukizizima zikapoa kuna ambayo haitawaka tena. Kopi kwanza data muhimu kwenda nje, halafu angalia SMART za zilizobaki (ripoti ya afya ambayo diski inajiwekea yenyewe), namba 5, 197 na 198 zinazohesabu sekta zenye shida, yaani vipande vidogo vya diski, ile 197 ikiwa juu ya sifuri maana yake kuna sekta zinasubiri kuamuliwa na ndo hizo zitakukwamisha katikati ya kujenga. Hizo sekta unatakiwa uzijue mapema, diski zikiwa zote hai, kwa kuisomesha storeji yote kila mwezi. Debian (aina moja ya Linux) na mdadm inafanya hivyo Jumapili ya kwanza ya mwezi, kontrola za kampuni zina kitu hicho hicho ila unakuta kimezimwa ili isiwe slow.

Slow nayo ina lake. Ukiambiwa "mtandao mzito tangu juzi" na swichi zako ziko safi, angalia betri ya kontrola. Ikichoka kontrola inaacha kuandika kwenye keshi (kumbukumbu yake ya haraka), inasubiri kila kitu kifike kwenye diski kwanza, na mfumo uliokuwa unaruka unaanza kutambaa bila diski yoyote kuwa mbovu. Inafanya hivyo makusudi kukulinda umeme ukikatika, kwa hiyo usiilazimishe kurudi kwenye keshi bila betri, badilisha betri.

Mwisho ni spea ya kuweka kabatini. Nunua mbili pamoja na boksi, bajeti ikiwa bado wazi, na ziwe za NAS (boksi za storeji za mtandao) au za seva, maana diski ya kompyuta ya kawaida ikikutana na sekta mbaya inaweza kuhangaika nayo muda mrefu mpaka kontrola inadhani imekufa na kuitupa nje, wakati za NAS zinakata tamaa kama baada ya sekunde 7. Epuka pia za SMR (zinazopanga njia za data kwa kupandiana), kujenga upya juu yake kunaweza kuchukua siku na siku. Ikifika kutoka Dar usiiweke kabatini moja kwa moja, imetikiswa njia nzima, iendeshe smartctl -t long usiku kucha, ikipita andika tarehe juu ya mfuko ndo uifungie.