Mwaka wa Yubile Ulikuwa Sheria ya Ardhi Kabla ya Kuwa Lugha ya Unabii

Tangu Kanisa Katoliki lilipoadhimisha Mwaka wa Jubilei wa 2025, maswali yanayoletwa katika idara yetu ya Agano la Kale yameongezeka, na mengi hayahusu maadhimisho hayo yenyewe. Watu wanauliza kama ni kweli kwamba mwaka fulani ni yubile ya Wayahudi, kwamba madeni yote yamefutwa, na kwamba kwa kuhesabu miaka 50 kutoka tukio moja la Israeli hadi jingine mtu anaweza kujua mwisho utakuja lini. Mzee mmoja wa kanisa alituletea daftari la shule alilolipiga mistari kwa rula: safu ya kwanza aliandika 1917, ya pili 1967, ya tatu 2017, na ya nne akaiacha wazi ili tumjazie. Alikuja kwa nia njema kabisa. Hatukuijaza, na ni haki yake na ya wengine kuelezwa sababu.

Sheria yenyewe imo katika Mambo ya Walawi sura ya 25. Waisraeli walitakiwa kuhesabu miaka saba mara saba, kisha kuutakasa mwaka wa 50, ambao ndio yubile: ardhi iliyouzwa ilirudi kwa ukoo wake na watumwa Waisraeli waliachiwa huru. Baragumu lilipigwa siku ya kumi ya mwezi wa saba, yaani Siku ya Upatanisho, wala si siku ya kwanza ya mwaka. Talmud, mkusanyiko wa mafundisho ya marabi wa Kiyahudi, inasimulia kwamba katika siku kumi za tangu mwaka mpya hadi Siku ya Upatanisho watumwa hawakurudi makwao wala hawakuwatumikia mabwana zao, bali walikaa wakila na kunywa na kufurahi, wamevaa taji vichwani, mpaka baragumu lilipolia; ndipo walipokwenda zao na mashamba yakarudi kwa wenyewe.

Kwa kuwa shamba lingerudi, kilichouzwa hakikuwa ardhi bali mavuno. Mkulima wa kwetu aliyewahi kukodisha shamba kwa misimu ataielewa hesabu hii bila kufundishwa: miaka iliyobaki ikiwa mingi bei ilipanda, ikiwa michache ilishuka. Kwa shamba lililowekwa wakfu, sura ya 27 inataja shekeli 50 za fedha kwa eneo linalopandwa homeri moja (kipimo cha nafaka) ya shayiri, na kuhani alipunguza kiasi hicho kulingana na miaka iliyobaki kabla ya yubile. Ndugu wa karibu aliweza kulikomboa shamba lililouzwa bila kuingoja yubile, na muuzaji mwenyewe akipata uwezo aliweza kufanya hivyo kwa kumrudishia mnunuzi thamani ya miaka ambayo hajaitumia. Nyumba iliyo ndani ya mji wenye ukuta ilikuwa na utaratibu wake: ilikombolewa ndani ya mwaka mmoja tu, na muda huo ukipita ilikuwa mali ya mnunuzi daima, wala yubile haikuirudisha, isipokuwa kama ni ya Mlawi. Nyumba za vijiji visivyo na ukuta zilihesabiwa pamoja na mashamba.

Msomaji makini ataona kwamba hatujataja kufutwa kwa madeni. Sura ya 25 haisemi hivyo. Kufutwa kwa madeni kumo katika Kumbukumbu la Torati sura ya 15, na kunahusu mwaka wa saba. Wakopeshaji walipoanza kuwanyima maskini mikopo mwaka huo ulipokaribia, rabi Hillel aliweka hati maalumu ya kukabidhi madai kwa mahakama ili deni lisifutike. Ni kweli kwamba kampeni ya kimataifa ya Jubilee 2000 ilichukua jina lake kutoka katika sheria ya yubile, na Uganda na Tanzania zikapata nafuu ya madeni katika miaka hiyo. Lakini nafuu hiyo ilitokana na makubaliano na wakopeshaji, yenye masharti yaliyoandikwa. Mkopo wa kikundi ulioutia saini haufutwi na tangazo la mhubiri, na tunasikitika kwamba jambo hili bado linahitaji kurudiwa. Vilevile, sura ya 25 haiamuru sadaka yoyote ya yubile. Anayekuomba mbegu ya yubile hajaitoa humo.

Sasa turudi kwenye daftari. Aya ya 10 ya Mambo ya Walawi 25 inasema uhuru utangazwe kwa wote wakaao katika nchi, na marabi walilichukua neno hilo kwa uzito wake: tangu kabila la Reubeni, la Gadi na nusu ya Manase walipohamishwa na Waashuru katika karne ya 8 kabla ya Kristo, wakaazi wote hawakuwamo tena, na yubile ikakoma. Hadi leo Wayahudi wanaushika mwaka wa saba, wa mwisho ukiwa wa 2021 hadi 2022, na unaofuata utaanza Septemba 2028, lakini hawaiadhimishi yubile. Hata marabi wenyewe walitofautiana kama mwaka wa 50 unasimama peke yake au ndio pia mwaka wa kwanza wa mzunguko mpya. Tofauti hiyo ya mwaka mmoja, ikirudiwa mizunguko 50, inakuwa miaka 50. Barua ya serikali ya Uingereza ya Novemba 1917 ya kuunga mkono makao ya Wayahudi Palestina, kutekwa kwa Yerusalemu ya Mashariki na Israeli Juni 1967 na tamko la Marekani la Desemba 2017 la kuitambua Yerusalemu kuwa mji mkuu wa Israeli ni matukio ya kweli, lakini hakuna hata moja lililotokea Siku ya Upatanisho, wala lililorudisha shamba kwa ukoo wake.

Adhabu ya kuivunja sheria hii manabii waliieleza waziwazi. Mambo ya Walawi 26 inaonya kwamba nchi itajitwalia sabato zake, yaani miaka ya kupumzika bila kulimwa, wakati watu wakiwa uhamishoni, na Mambo ya Nyakati wa Pili 36 inahesabu miaka 70 ya namna hiyo. Katika Yeremia 34, Yerusalemu ikiwa imezingirwa na Wababeli, mfalme Sedekia na wakuu waliwaachia huru watumwa wao wa Kiebrania, wakapita katikati ya vipande vya ndama kuthibitisha agano. Jeshi lilipoondoka kwa muda, waliwarudisha wale wale utumwani. Nabii akawajibu kwa neno lile lile la yubile: kwa kuwa hamkutangaza uhuru, ninyi mnatangaziwa uhuru wa kuuendea upanga, tauni na njaa.

Hapa ndipo ulipo umuhimu wa yubile katika unabii. Hatukatai kwamba watu wa kale walihesabu: majuma 70 ya Danieli ni miaka 490, yaani yubile kumi za miaka 49, na hati iliyopatikana mwaka 1956 katika pango la 11 la Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, inamngojea Melkizedeki, yule kuhani na mfalme wa kitabu cha Mwanzo, kuwaweka watu huru mwishoni mwa yubile ya kumi. Lakini Yesu alipopewa chuo cha Isaya kule Nazareti, alisoma habari za kuwaacha huru waliosetwa na kutangaza mwaka wa Bwana uliokubaliwa, akakifunga kabla ya maneno ya siku ya kisasi, akasema andiko hilo limetimia leo. Hakutaja mwaka wowote wa kuhesabia.

Andiko ambalo wahubiri wa hesabu hulipita ni Ezekieli 46. Nabii anaona nchi iliyorejeshwa, na hata humo mwaka wa uhuru unaendelea: mkuu wa nchi akimpa mtumishi wake shamba, litarudi kwa mkuu mwaka huo ukifika, kwa maana urithi wake ni wa wanawe. Kisha sheria inamgeukia mkuu mwenyewe. Asitwae urithi wa watu kwa kuwaonea. Wanawe na awarithishe kutoka katika mali yake, ili watu wa Mungu wasitawanyike, kila mtu mbali na milki yake.