Vitamutamu vya Kijapani: dhana potofu na ukweli wake

Siku hizi ukitaja vitamutamu vya Kijapani, watu wengi huwaza kitu kimoja tu: kile kidonge laini cha rangi ya waridi kinachovutwa kwa vidole kwenye video. Kutoka hapo maneno huzaa maneno. Wengine wanasema havina sukari, wengine wanasema ni maharage tu yaliyopambwa, wengine wamevionja mara moja, wakakuta vigumu, wakaapa kutorudia. Mimi navipenda kwa dhati, na inaniuma mtu anapoviacha kwa sababu alipewa kipande kilicholala friji. Mengi yanayosemwa yanatokana na kula kitu sahihi kwa namna isiyo yake.

"Mochi ni aiskrimu"

Mochi ni mchele wa kunata uliopikwa kwa mvuke, ukatwangwa kinuni kwa nyundo nzito ya mbao mpaka punje zote zipotee na libaki donge moja linalovutika. Ikiwa tupu haina hata sukari. Mwaka Mpya Wajapani huitia kwenye supu iitwayo ozoni, au huichoma mpaka ivimbe na kuipaka sosi ya soya. Ikizungushiwa kijazio kitamu inakuwa daifuku. Ile yenye aiskrimu ndani ni ya juzi tu: kampuni ya Lotte ilianza kuuza Yukimi Daifuku nchini Japani mwaka 1981, na huko Los Angeles kampuni ya Mikawaya ikaanza kuuza mochi zake za aiskrimu miaka ya 1990, ndipo Wamarekani wakazizoea.

Sasa hili la friji. Wanga wa mchele hukakamaa kwenye ubaridi. Chukua daifuku iliyotengenezwa asubuhi: ukiibonyeza, kidole kinazama polepole, na ule unga mweupe iliopakwa unabaki kwenye ngozi. Ukiing'ata, inavutika kidogo kabla ya kukatika. Ilaze friji usiku mmoja, ganda lote linakuwa gumu na kavu, na linavunjika badala ya kuvutika. Ndiyo maana maduka mengi yanayotengeneza yenyewe husema iliwe siku hiyohiyo. Ikibaki, ifunge vizuri uigandishe kwenye friza mapema, halafu iache iyeyuke yenyewe mezani. Na jambo moja la usalama: mochi hukaba koo. Kila Mwaka Mpya mamlaka za Japani huwaonya wazee. Mkatie mzee au mtoto vipande vidogo, na atafune bila haraka.

"Havina sukari, ni vya afya"

Hapana. Katika mapishi mengi ya anko, yaani maharage matamu yanayojazwa ndani, uzito wa sukari unakaribia uzito wa maharage makavu. Yokan, kile kipande cha mstatili kinachong'aa cha maharage matamu yaliyogandishwa, ina sukari nyingi zaidi, na sukari hiyo ndiyo inayoifanya idumu muda mrefu kabatini bila kuharibika. Mwenye kisukari avihesabu kama vitamu vingine vyote.

Kinachowachanganya watu ni kwamba vile vya asili havina siagi wala krimu, kwa hiyo utamu haubaki ukiganda kinywani. Isitoshe, huliwa kwa vipande vidogo, pamoja na chai isiyo na sukari. Kwenye hafla ya chai, mgeni humaliza kitamutamu kwanza, ndipo anapokea bakuli la matcha, chai ya kijani ya unga, ambayo yenyewe ni chungu. Mtu wa pwani aliyezoea kashata na kahawa chungu hahitaji kuelezwa zaidi. Anayekula yokan tupu, kipande kinene, bila kitu cha kunywa, ni haki yake kusema imemshinda.

Hapohapo tuondoe na lile la kwamba kila kitamu cha Kijapani ni cha kijani na kina matcha. Matcha ni ladha moja kati ya nyingi. Kuna ufuta mweusi, kuri (kokwa ziitwazo chestnut kwa Kiingereza), viazi vitamu, yuzu (tunda la jamii ya ndimu), sukari nguru ya Okinawa, na kinako, unga wa soya iliyokaangwa, ambao kwangu mimi ndio unaostahili sifa zote inazopewa matcha.

"Maharage hayawezi kuwa kitamu"

Hapa ndipo wageni wengi hukwama, na ndipo palipo na ufundi. Azuki ni maharage madogo mekundu. Huchemshwa, maji ya kwanza yakamwagwa ili kuondoa ukali, kisha yakarudishwa jikoni mpaka yabonyee kirahisi kati ya vidole. Sukari hutiwa mwishoni, kwa sababu ikitangulia maharage hayalainiki vizuri. Chumvi kidogo huongezwa ili utamu ujitokeze.

Ukiyaacha na maganda yake unapata tsubuan. Ukiyapitisha kwenye chujio, ukaondoa maganda, ukasuuza ule ujiuji na kuukamua kwa kitambaa kabla ya kuupika na sukari, unapata koshian, laini kabisa. Anayeanza aanze na koshian. Maharage meupe nayo hupikwa hivyohivyo, na ndiyo msingi wa nerikiri, vile viua vidogo vya rangi ambavyo watu hudhani ni vya sukari tupu au plastiki.

Wajapani wenyewe waliingiza anko hata kwenye mkate. Mwaka 1874 duka la Kimuraya, Tokyo, lilianza kuuza anpan, mkate wenye anko ndani, na tarehe 4 Aprili 1875 ukaandaliwa kwa Mfalme Meiji, katikati umepachikwa ua la sakura, yaani mcheri, lililotiwa chumvi.

"Ni vya kale, na ni vya Kijapani tupu"

Kasutera, keki ya mayai inayojulikana sana Nagasaki, ilifika na Wareno karne ya 16. Konpeito, peremende ndogo zenye vinundu, nazo zililetwa na Wareno; mmisionari Luís Fróis alimpelekea mtawala Oda Nobunaga chupa yake mwaka 1569. Manju, vimkate vidogo vyenye anko ndani, zilitoka China. Yokan nayo ilitoka China, na huko ilikuwa supu ya kondoo! Watawa wa Zen, dhehebu la Kibudha, hawakula nyama, wakaweka maharage mahali pake, na baada ya karne kadhaa supu ikawa kitamutamu.

Kinachoigandisha yokan ya leo ni kanten, inayotokana na mwani uitwao tengusa. Msomaji wa Zanzibar asidhani ni mwani ule unaolimwa Paje na Jambiani. Ule hutoa karajinani, ambayo hugandisha kwa namna nyingine, na ukibadilisha moja kwa nyingine mapishi hayatatoka sawa.

"Taiyaki ina samaki"

Haina hata chembe. Ni unga wa ngano uliochomwa kwenye kalibu ya chuma yenye umbo la samaki aitwaye tai kwa Kijapani, samaki wa sherehe kwao, na ndani kuna anko au kastadi. Duka la taiyaki la Naniwaya, Azabu-Juban, Tokyo, lipo tangu 1909.

"Ni vya mimea, kwa hiyo vyote ni halali"

Vya asili kweli vimejengwa juu ya mchele, maharage, sukari na kanten. Lakini usijiaminishe kwa macho. Jeli nyingi za kisasa, pipi za kutafuna na puding za pakiti zina jelatini, ambayo huweza kuwa ya nguruwe, na pakiti huenda isiseme ni ya mnyama gani. Baadhi ya kasutera na dorayaki (vikeki viwili vilivyobana anko) hutiwa mirin, ambayo ina kileo. Kuna pia manju zinazoumuliwa kwa sake, pombe ya mchele.

Kwenye pakiti tafuta ゼラチン (jelatini), ショートニング (mafuta mgando, ambayo yanaweza kuwa ya mnyama), みりん (mirin), na herufi 酒, ambayo ni pombe. Ihifadhi orodha hiyo kwenye simu. Anayekwepa ngano naye aangalie: mochi tupu haina ngano, lakini mitarashi dango, vidonge vya unga wa mchele vilivyochomekwa kijitini, humwagiwa sosi ya soya, na sosi hiyo kwa kawaida hutengenezwa kwa soya na ngano.

"Vinapatikana vilevile mwaka mzima"

Duka zuri hubadilisha kabati lake kwa msimu. Machi, karibu na sikukuu ya wasichana ya tarehe 3, utaona sakuramochi, imefungwa jani la mcheri lililotiwa chumvi. Jani hilo huliwa, na chumvi yake ndiyo inayokata utamu. Tarehe 5 Mei, Siku ya Watoto, inakuja kashiwamochi, nayo imefungwa jani, ila hili la mwaloni hutolewa. Ni gumu na halitafuniki. Wageni huyachanganya majani hayo mawili kila mwaka.

Tarehe 30 Juni Kyoto hula minazuki: pembetatu nyeupe ya unga wa mchele iliyopikwa kwa mvuke, juu imetandazwa azuki. Pembetatu inawakilisha kipande cha barafu, ambayo zamani kiangazi ilikuwa ya wakubwa peke yao, na azuki huaminiwa kufukuza mabaya. Joto likishika kasi, zamu ni ya mizu yokan, yokan yenye maji mengi na utamu mdogo zaidi. Hiyo haina mchele wa kukakamaa, kwa hiyo iweke friji bila wasiwasi, uile ikiwa baridi kabisa.