Maziwa Hayaondoi Sumu ya Dawa ya Shambani

Juzi aliletwa tena kijana kutoka shamba la mboga upande wa Kisauni, mboni zimesinyaa, mate yanamchuruzika, misuli ya mashavu inamchezacheza, na mwajiri wake akaniambia nisiwe na wasiwasi kwa kuwa alikwisha kunyweshwa maziwa. Nimeisikia kauli hiyo mara nyingi mno, na inaua.

Dawa za wadudu za jamii ya oganofosfeti humwingia mnyunyiziaji hasa kupitia ngozi. Bomba la mgongoni likivuja kwenye mfuniko, dawa huteremka mgongoni ndani ya shati hadi kwenye mkanda wa suruali na sehemu za siri, na ngozi ya korodani hunyonya dawa ya namna hii zaidi ya mara 10 kuliko ngozi ya mkono chini ya kiwiko. Ikishaingia kwenye damu, hukizuia kimeng'enya kinachozima ishara za neva, ndipo tezi na misuli zikafanya kazi pasipo kukoma. Maziwa yamo tumboni. Yatakutana wapi na sumu hiyo? Kwa aliyeimeza dawa yenyewe hali ni mbaya zaidi, maana nyingi huchanganywa na viyeyushi vya petroli, na akitapika huweza kuingia mapafuni. Wanaonitajia dafu badala ya maziwa nawajibu vivyo hivyo, na wanaowapulizia ng'ombe dawa ya kupe wasijione wamesalimika.

Mtu akipatwa na sumu hii, mvueni nguo zote pamoja na viatu, mwosheni kwa sabuni na maji mengi hadi nywele na kucha, anayemwosha akiwa na glavu, kisha mleteni hospitali upesi pamoja na lebo ya dawa. Huko kuna atropini, dawa ya kupambana na sumu hii, ambayo tunaiongeza mpaka majimaji ya mapafuni yakauke.

Kuhusu kinga, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri atoe vifaa, nami naiunga mkono kwa moyo wote. Hata hivyo siamini kwamba mtu anaweza kufanya kazi ndani ya ovaroli ya plastiki, adhuhuri ya Februari hapa Mombasa, pasipo kuzidiwa na joto, na wafanyakazi wanaponieleza kwamba huivua, sina uso wa kuwakemea. Nyunyizieni alfajiri, upepo ukiwa umetulia, na kabla bomba halijapanda mgongoni mwa mtu, lijazeni maji matupu, liinamisheni, mtazame kama mfuniko unavuja.