Punda anaumia, hata kama hapigi kelele

Wengi tumekua tukisikia kwamba punda ana ngozi ngumu, haumii, na akisimama njiani ni ubishi tu kwa hiyo bila fimbo haendi. Imani hii inaeleweka imetoka wapi, maana kweli punda akiumia mara nyingi ananyamaza.

Ila asili yake ni mnyama anayewindwa, kwa hiyo anaficha maumivu asionekane dhaifu, na akiogopa kitu mara nyingi anaganda palepale badala ya kutimua mbio kama farasi, ndo hapo watu wanasema mbishi. Hii unaweza kuicheki mwenyewe: subiri inzi atue mgongoni kwake uone ngozi inavyotetemeka palepale alipotua, sasa ngozi inayomsikia inzi itaachaje kuisikia fimbo? Chungulia na chini ya kamba za mkokoteni kama kuna vidonda, angalia na anavyokanyaga, kama anachechemea.

Na usiseme wewe huna la kufanya. Ukikodi mkokoteni mteja ni wewe, gawa mzigo upelekwe mara mbili, omba pale kamba inaposugua pawekwe gunia au kitambaa kizito, na ongea na mwenye punda kwa heshima jamani, naye anatafuta riziki na huyo punda ndo mtaji wake. Kipigo kikizidi kamwone afisa mifugo wa kata, huombi fadhila, Tanzania kuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 na Kenya nao wana sheria yao ya kuzuia ukatili kwa wanyama.