Nje ya Shamba Si Nje ya Kilimo

Katika warsha na vipindi vya redio hapa Nairobi imekuwa kawaida kusikia kwamba wanawake wa mashambani wanakiacha kilimo, na ushahidi unaotolewa ni kuongezeka kwa ajira ya nje ya shamba. Ajira ya nje ya shamba ni kazi yoyote ya kipato anayoifanya mtu kwingine, si katika shamba la kaya yake. Ajira isiyo ya kilimo ni dhana tofauti, nayo hutazama aina ya kazi: biashara, ushonaji, ualimu na kadhalika.

Hapo ndipo mambo huchanganywa. Mwanamke wa Kericho anayechuma majani mawili na kichipukizi katika shamba la kampuni, akalipwa kwa kilo, yuko nje ya shamba lake lakini yumo ndani ya kilimo, ilhali jirani yake anayekausha majani hayohayo kiwandani huhesabiwa katika sekta ya viwanda. Yule wa Naivasha anayepanga waridi kwa urefu wa shina, aproni kiunoni, bila kugusa udongo kutwa nzima, naye huhesabiwa katika kilimo, kwa kuwa kuyachambua mazao kabla ya soko la kwanza ni sehemu ya shughuli hiyo. Kibarua cha kupalilia kwa jirani ni vivyo hivyo. Kinyume chake, msusi wa viondo wa Machakos aliyeketi chini ya mwembe katika shamba lake mwenyewe hafanyi kilimo hata kidogo, sawa na mchuuzi wa omena wa Homa Bay.

Kwa hiyo anayelinganisha maeneo kwa kuhesabu ajira ya nje ya shamba, kisha akasoma matokeo kana kwamba ni ajira isiyo ya kilimo na dalili ya maendeleo, ataiona Kericho imeendelea kuliko Machakos, pengine bila sababu. (Wanatakwimu nao hawakurahisisha mambo: tangu azimio lao la kimataifa la mwaka 2013, anayelima hasa kwa chakula cha nyumbani hahesabiwi kuwa na ajira, ingawa huhesabiwa kuwa anafanya kazi.)

Basi mwandishi anayekusudia kusema kwamba wanawake wa Naivasha wamekiacha kilimo angesema tu kwamba wengi wao hufanya kazi ya kilimo kwa mwingine, kisha aeleze ni nani anayewalipa na kwa mkataba gani.