Si Oedipus aliyevishwa joho la agbada

Juzi tena, katikati ya mazoezi, mtu mzima na shahada yake ananiambia: "Mwalimu, huyu Rotimi kamchukua Sophocles akabadilisha majina tu." Nimechoka. Naandika.

Msuko wa Ola Rotimi, mwandishi wa tamthilia wa Nigeria, ni uleule wa Mfalme Oedipus wa Sophocles, Mgiriki wa kale, sawa. Mtoto anatabiriwa kumuua baba na kumwoa mama, anatupwa, utabiri unatimia. Tusipotezeane muda. Lakini The Gods Are Not to Blame (Miungu Hawana Lawama), tamthilia ya Rotimi, ilipanda jukwaani Ife, Nigeria, mwaka 1968, vita vya Biafra, vya Wanigeria wenyewe kwa wenyewe, vikiwaka. Anayeisoma bila kuikumbuka tarehe hiyo kaisoma nusu.

Tazameni mauaji tu. Kwa Sophocles, ni ugomvi wa kupishana njiani. Rotimi anauhamishia shambani, kwenye viazi vikuu, karibu na Ede. Mzee kaja na watu wake kuvuna. Odewale, ndiye Oedipus wa Rotimi, anasema shamba ni lake. Wanabishana weee, na bado hakuna aliyekufa. Jembe linainuka pale mzee anapoicheka lafudhi yake na kuliita kabila lake la porini. Hapo kijana anaua. Na kabila lenyewe wala si lake, ni la waliomlea! Aliyemtukana ni baba yake mzazi, damu moja. Mwishoni Odewale anakiri kwamba miungu waliujua udhaifu wake: mwepesi wa kuwaka mtu akigusa kabila lake. Nendeni mkautafute ungamo huo kwa Sophocles, mkiupata mniite.

Na hao "miungu" wa kwenye jina? Rotimi, mtoto wa baba Myoruba na mama Mwijo, alieleza mwenyewe kuwa hakumaanisha Ogun wala Shango, miungu wa Wayoruba. Alimaanisha mataifa makubwa: Marekani, Urusi, Uingereza, Ufaransa. Tusiwasingizie chuki tulizozilea wenyewe.

Hapo nami nakwama, afadhali niseme. Bila maelezo yake nisingeyaona mataifa hayo popote kwenye maandishi. Tena silaha za Uingereza na za Urusi zilikuwa vitani kweli, mikononi mwa serikali ya shirikisho ya Nigeria. Kuwatoa lawamani kirahisi hivyo kunanikera. Halafu Odewale alihukumiwa angali kichanga, kabla hajatukanwa na yeyote. Sasa hao miungu wanaponaje lawama?

Nimeiongoza mara mbili. Mara zote mbili mwigizaji wa Odewale aliniuliza swali hilo, na mara zote mbili nilimwambia arudie tena, aanzie pale kwenye jembe.