Kifua ndicho kinachougua, mbona macho na miguu vinalalamika?

Mama amepikia mkaa chumbani Tandika miaka mingi na kifua chake hakijapona. Siku hizi anaamka na kichwa, macho yanaona ukungu. Ni presha?

Presha ipimwe, haina ubishi. Ila kwa mtu mwenye ugonjwa sugu wa mapafu, kichwa kinachouma alfajiri na kupoa jua likipanda hunifanya niulizie mapema hewa ukaa, ile tunayoitoa tukipumua. Mapafu yaliyochakaa hushindwa kuingiza oksijeni ya kutosha, na yakizidiwa hushindwa pia kutoa hewa ukaa. Usingizini pumzi hupungua zaidi, hewa ukaa inajaa kwenye damu, mishipa ya damu ya ubongo inatanuka na shinikizo ndani ya fuvu linapanda. Likipanda sana, mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo huvimba pale unapoungana na jicho. Ndipo mtu anaona ukungu, au giza la sekunde chache akiinama kuchochea jiko. Miwani ya kuokoteza Kariakoo haisaidii kitu hapo.

Nyumbani tutajuaje hewa ukaa imezidi?

Anasinzia mchana katikati ya mazungumzo, anachanganya majina ya wajukuu. Mwambie anyooshe mikono mbele na kuinua viganja kama trafiki anayesimamisha gari. Viganja vikidondoka ghafla na kurudi, vikadondoka tena, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Vidole kutetemeka kidogo baada ya kuvuta pampu ya salbutamol ni jambo jingine, hupita. Na kile kipimo cha kubana kidoleni kisiwadanganye: kinasoma oksijeni, hewa ukaa hakiioni.

Tumekodi mtungi wa oksijeni. Akihema sana tuongeze?

Msiguse bila maelekezo ya daktari. Kwa mgonjwa ambaye mwili wake unabakiza hewa ukaa, lengo la kawaida ni oksijeni isome asilimia 88 hadi 92 kwenye kipimo cha kidoleni. Mkimsukumia hadi 100 mnaweza kumlaza usingizi asioamka.

Mimi natumia dawa za TB. Nyayo zinawaka moto na kufa ganzi, na jana nyekundu ya khanga niliiona imepauka.

Hayo ni malalamiko mawili, na la macho ndilo la haraka. Etambutoli, moja ya dawa nne za miezi miwili ya mwanzo, huweza kudhuru mshipa wa fahamu wa jicho, na rangi nyekundu na kijani ndizo hufifia kwanza. Funika jicho moja, utazame khanga hiyo hiyo kwa jingine, kisha ubadilishe. Rudi kliniki ya TB leo, uwaeleze. Wao ndio watakaoamua kuisimamisha. Usiache dawa zote kwa uamuzi wako.

Nyayo huenda ni isoniazidi, inayoupunguzia mwili vitamini B6. Ndiyo maana wengi hupewa piridoksini pamoja nayo, kile kidonge kidogo ambacho watu huona hakina maana na kukiacha. Oksijeni ikiwa chini kwa miaka, nayo inaweza kudhoofisha mishipa ya fahamu, hasa ya miguuni. Pima sukari pia.

Prednisoloni inanifungua kifua, najinunulia duka la dawa. Kuna shida?

Ipo, na hili linanikera kwa sababu linazuilika. Ukiinywa kwa muda mrefu huleta mtoto wa jicho na presha ya macho, na hupandisha sukari. Presha ya macho mara nyingi haiumi. Unashtuka uwezo wa kuona umeshapungua. Lakini usiikate ghafla kama umeitumia kwa wiki kadhaa, maana mwili unakuwa umeacha kujitengenezea homoni yake. Muone daktari aishushe taratibu.

Na mashine ya mvuke?

Ikiwa ina ipratropiamu, dawa ya kufungua kifua, barakoa ibane vizuri, mvuke usiingie machoni. Jicho jekundu linalouma ghafla, pamoja na kutapika, ni dharura.

Nianzie kliniki ya macho au ya kifua?

Yoyote iliyo karibu, mradi uende na dawa zako zote kwenye mfuko. Ukiwa hospitali ya CCBRT au Muhimbili kwa ajili ya macho, taja kifua hata usipoulizwa, uombe watazame nyuma ya jicho.